Kobe wa Maji Nyumbani: Mtoto Akipata Homa, Mwambie Daktari

Mto Umba hutoka katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ukateremka hadi Kwale na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Huko Jego, mvua ya masika ikikolea, mabonde hujaa maji na madimbwi hutanda. Huo ndio wakati kobe wa maji anapoonekana kwa urahisi. Mgeni aliyetoka Mombasa, Ukunda au Nairobi kuwatembelea jamaa humwona, watoto wakampenda, naye akatiwa ndooni na kupelekwa mjini awe mchezo wa nyumbani.

Je, mnyama huyu anafaa kufugwa? Jibu la daktari ni la, na jibu la sheria ni hilo hilo. Hata hivyo, ziko nyumba ambazo tayari zina kobe ndani ya karai. Kwa hivyo ni vyema tujifunze yeye ni mnyama gani, hula nini, na ni maradhi gani anayoweza kuwaletea watoto wetu.

NI MNYAMA WA NAMNA GANI?

Kobe wa maji baridi si kobe wa nchi kavu anayekula majani, wala si kasa wa baharini. Gamba lake ni bapa, lenye rangi ya tope. Vidole vyake vina ngozi katikati kama vya bata, na kucha zake ni kali. Akiogopa harudishi shingo moja kwa moja ndani ya gamba, bali huikunja kando. Dimbwi likikauka hujifukia katika tope akasubiri mvua.

Akishikwa huuma, hukwaruza, na wengine hutoa harufu mbaya. Huko Marekani wako kobe wa maji wakubwa ambao taya zao huogopwa sana. Wa kwetu hawafikii ukali huo, lakini kidole cha mtoto wanaweza kukijeruhi.

CHAKULA CHAKE

Porini kobe huyu hula viluwiluwi, vyura, samaki wadogo, konokono, wadudu, minyoo na hata mizoga. Anapokula samaki mzima hupata nyama pamoja na mifupa, na mifupa ndiyo inayompa madini ya chokaa ya kujengea gamba. Jua nalo huusaidia mwili wake kuyatumia madini hayo.

Mjini hupewa nini? Ugali, wali, mkate na vipande vya nyama tupu, tena akafungiwa jikoni au bafuni mahali pasipofika jua. Baada ya miezi kadhaa gamba huanza kulegea na kupinda. Akikosa vitamini A, macho huvimba hata asione chakula. Wenyewe husema amezeeka au amezoea utulivu, kumbe anakufa polepole.

Kuna jambo jingine. Kobe wa maji hula akiwa majini, na hujisaidia humo humo. Mabaki ya samaki na kinyesi katika karai moja, kwenye joto la pwani, huyafanya maji hayo kuwa shamba la vijidudu.

HATARI ISIYOONEKANA

Watu wengi huogopa kuumwa na kobe. Sisi madaktari tunaogopa zaidi kinyesi chake. Ndani ya matumbo ya kobe wengi hukaa bakteria waitwao salmonela. Kobe mwenyewe haumwi nao. Hula vizuri, huogelea vizuri, huku akiwatoa katika kinyesi. Tena hawatoi kila siku, hivyo kinyesi chake kikipimwa mara moja na kuonekana safi, hiyo si hakikisho.

Mtoto si lazima amguse kobe ili aambukizwe. Bakteria hukaa juu ya gamba, ndani ya maji, sakafuni anapotambaa, katika sinki anamooshewa, na mikononi mwa mama aliyebadilisha maji kisha akaenda kukanda unga.

Marekani ilijifunza somo hili kwa gharama. Vibobe vidogo viliuzwa madukani kwa wingi, na watoto wakavitia mdomoni. Mwaka 1975 serikali ya huko ilipiga marufuku uuzaji wa kobe ambao gamba lake halijafika urefu wa sentimita 10 hivi. Inakadiriwa kwamba katazo hilo liliwakinga watoto wapatao 100,000 kila mwaka.

DALILI ZAKE

Kwa kawaida mtu huanza kuumwa kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuambukizwa. Hupata homa, msokoto wa tumbo, kutapika na kuhara, pengine choo kikiwa na damu. Mtu mzima mwenye afya hupona katika siku 4 hadi 7.

Kwa wengine mambo si mepesi. Walio hatarini ni watoto walio chini ya miaka 5, hasa wachanga, wazee, wajawazito, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na watoto wenye utapiamlo, malaria au selimundu. Pwani yetu ina malaria, tena ina familia nyingi zenye selimundu. Kwa mtoto wa selimundu, salmonela huweza kuingia katika mifupa na kuiozesha.

Hapa ndipo wazazi watege sikio. Katika Afrika, salmonela mara nyingi huingia katika damu ya mtoto bila kumharisha hata kidogo. Mtoto huwa na homa kali tu, akafanana kabisa na mgonjwa wa malaria. Mzazi hununua dawa ya malaria dukani, homa isishuke, siku zikapita. Ukichelewa, mtoto anaweza kufa. Na hata kipimo kikionyesha malaria, haina maana kwamba salmonela hayumo. Wawili hao huweza kuwamo katika mwili mmoja.

Kwa hivyo, ikiwa una kobe nyumbani, au mtoto alicheza na kobe safarini, mwambie daktari bila kungoja aulize. Neno hilo moja litamfanya afikirie kupima damu kwa vijidudu na kuanza dawa inayofaa mapema.

MTOTO AKIHARISHA

Mpe maji ya kuongeza nguvu yanayotolewa kwa pakiti katika zahanati, kidogo kidogo, mara kwa mara. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza zahanati pia kuhusu vidonge vya zinki.

Usikimbilie kununua dawa za kuua bakteria. Kwa kuhara kwa kawaida kwa salmonela hazihitajiki, na huweza kumfanya mtu awatoe bakteria kwa muda mrefu zaidi. Lakini mkimbize mtoto hospitali akiwa na homa isiyoshuka, damu katika choo, macho au utosi uliobonyea, usingizi usio wa kawaida au degedege, au akishindwa kunywa. Mtoto mchanga na mwenye selimundu asingojewe hata siku moja.

ALIYEUMWA NA KOBE

Kobe aking'ang'ania, usimvute. Mtumbukize majini, mara nyingi ataachia. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha uende zahanati uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Kobe haambukizi kichaa cha mbwa.

ASICHINJWE

Wengine watasema, basi tumchinje. Kumpasulia jikoni ni kueneza vijidudu vile vile. Kuhusu kasa wa baharini, hatari ni nyingine kabisa: nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoondolewa kwa kupikwa. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa.

ULIYE NAYE TAYARI

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa pori bila kibali. Wasiliana na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe ili achukuliwe. Usimtupe katika mtaro au bwawa lolote la mjini. Huenda akafa, au akawapelekea wanyama wengine maradhi.

Wakati unangoja, fuata haya:

1. Mweke nje, katika chombo chake pekee, chenye maji, jiwe la kupandia, jua na kivuli.
2. Mpe samaki wadogo wabichi wazima, na minyoo ya ardhi.
3. Badilisha maji kila siku. Yamwage chooni, si katika sinki wala karibu na kisima.
4. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima mwenye afya, asiyekuwa na mimba, naye anawe kwa sabuni papo hapo.
5. Watoto walio chini ya miaka 5 wasimkaribie kabisa.

Watoto wakitaka kumjua kobe, waonyeshwe dimbwini kwake wakiwa wamesimama kando. Huko hula anachokihitaji, na kinyesi chake hakifiki katika unga wa mama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe huenda ukawa ni karai lililo chini ya sinki lako.