SOMO: Kuchagua Lenzi ya Kukuza Picha



Katika nyumba nyingi hapa Ronge picha ya babu au nyanya ni moja tu, nayo imeshaliwa na unyevu. Pengine negativu yake, ile filamu ambayo nyeupe huonekana nyeusi, bado iko sandukuni. Kikundi chenye negativu hizo na mashine kuukuu ya kukuzia picha kinaweza kuzirudisha nyuso hizo na kupata kipato kidogo. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu. Kuna wanaosema, "Si lenzi ni lenzi tu?" Hapana, sivyo. Tujifunze kabla ya kununua.

Je, mnahitaji lenzi kweli?

Negativu ya inchi 4 kwa 5 yaweza kutoa picha bila mashine. Kwa picha nyeusi na nyeupe, ingieni chumba cha giza chenye taa nyekundu. Lazeni negativu juu ya karatasi ya picha, funikeni kwa kioo safi, washeni taa nyeupe sekunde chache, kisha tieni karatasi dawani. Picha itakuwa na ukubwa uleule wa negativu. Lenzi ni ya wanaotaka picha kubwa ya kutundika ukutani.

Hatua za kuchagua

1. Pimeni negativu kutoka pembe hadi pembe. Milimita zilizoandikwa kwenye lenzi zikaribiane na kipimo hicho:
- Filamu ndogo ya milimita 35: lenzi ya 50
- Sentimita 6 kwa 6: lenzi ya 80
- Sentimita 6 kwa 9: lenzi ya 105
- Inchi 4 kwa 5: lenzi ya 150

Lenzi ikiwa fupi mno, pembe za picha zitafifia na kukosa mwanga. Ikiwa ndefu mno, itabidi kichwa cha mashine kipandishwe juu sana ndipo picha iwe kubwa.

2. Angalieni mashine yenyewe. Mashine ya filamu ndogo haiwezi kubeba negativu kubwa, hata mkiifunga lenzi nzuri namna gani. Pimeni pia tundu la kufungia lenzi, kwani hayalingani yote.

3. Ulizeni lenzi ina vioo vingapi ndani. Zenye vioo sita, kama Rodenstock Rodagon na Schneider Componon-S, hutoa pembe safi kuliko zile za bei nafuu zenye vitatu.

4. Mulikeni kwa tochi. Mkiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Msinunue. Huku kwetu milimani ukungu ni mwingi, kwa hiyo hata lenzi nzuri iwekeni mahali pakavu penye hewa, si ndani ya mfuko wa ngozi.

5. Jaribuni kabla ya kulipa. Nendeni na negativu yenu. Mulikeni picha juu ya karatasi nyeupe, mtazame katikati na pembe zote nne kwa kioo cha kukuzia.

Namba za kitundu

Lenzi nyingi hufanya kazi vizuri zaidi kitundu kikipunguzwa hatua mbili. Ikianzia 5.6, pitieni 8, mfike 11. Kila hatua huongeza muda maradufu: sekunde 10 zitakuwa 20, kisha 40. Msikifinye mpaka mwisho, kwani picha hupoteza ukali.

Maswali ya kujadiliana

1. Negativu zetu ni za kipimo gani, na ni ngapi?
2. Karatasi na dawa, ambazo siku hizi haziuzwi kila duka, tutazipata wapi na kwa bei gani?
3. Ni familia ngapi ziko tayari kulipia picha?

Andikeni majibu daftarini. Kama swali la tatu halina jibu, anzeni na kioo na taa. Lenzi itangoja.