Kabla Hujalipia Yakuti ya Buluu

Huku Kitisuru, Nairobi, mawe ya thamani hayanunuliwi dukani tu. Mara nyingi yanakuja nyumbani. Muuzaji anaandikishwa getini, anakaribishwa sebuleni, chai inaletwa, kisha anatoa mkobani vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa na kuvifungua kimoja kimoja juu ya meza. Anaanza na mawe ya kawaida. Kikaratasi cha mwisho ndicho alichokuja kukiuza, na ndani yake imelala yakuti ya buluu inayolingana na punje ya mahindi. Hapo mazungumzo ya bei za viwanja na karo za shule hukoma, na kila aliyepo huinama kutazama.

Nayaandika haya kwa ajili ya huyo aliyeinama. Buluu ile ina mvuto wa kweli, na si wa leo. Oktoba 2010, mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton hapa kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa pete ya marehemu mama yake, Diana: yakuti ya Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ya karati 12 iliyozungukwa na almasi 14. Alisema baadaye kwamba alikuwa ametembea nayo kwenye begi la mgongoni kwa wiki kama tatu. Tangu siku picha za pete hiyo zilipotoka, masonara wameombwa mifano yake duniani kote. Mnamo Novemba 2014 mnada wa Geneva uliuza yakuti iitwayo Blue Belle of Asia, ya karati 392.52, kwa zaidi ya dola milioni 17. Na kwa familia za Kihindu zinazoita jiwe hili neelam, jiwe la sayari ya Zohali, pete yake haivaliwi kwa urembo peke yake. Wapo wanaokaa nalo siku kadhaa kwanza, waone limewapokeaje, ndipo wakubali kulipa.

Lakini mvuto huo huo ndio unaomfanya mtu mwenye busara, ambaye hawezi kununua ekari moja Limuru bila wakili na mpimaji, alipie jiwe lenye bei ya gari kwa kuambiwa tu maneno mawili: “Ni Ceylon.” Rai yangu ni hii: nunua rangi kwa macho yako, kisha nunua ukweli kwa karatasi, na jina la mahali lilikochimbwa liwe la mwisho kulilipia.

Anza kwa kuinuka. Taa ndogo za darini zilizoko sebuleni humeremetesha kila kitu, hata kioo, na kitochi cha dalali ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinamulika jiwe kutoka nyuma na kulionyesha jepesi na angavu kuliko litakavyokuwa kidoleni. Toka nalo barazani, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, ukae kivulini mahali ambapo mbingu inaonekana. Jua la moja kwa moja nalo linadanganya. Tena angalia umezungukwa na nini: nyasi na miti mikubwa ya mitaa hii hurusha kijani ndani ya jiwe, na ukuta wa matofali hurusha wekundu. Tandaza karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uliweke jiwe juu yake uso wake ukielekea juu, ulitazame kwa umbali wa kitabu.

Sasa lizungushe polepole. Yakuti nzuri inabaki na buluu yake kila upande. Sehemu zinazong’aa zinahama, lakini hakuna pembe inayokufa. Ukiona mabaka meusi yasiyotoka hata uligeuze vipi, jiwe ni zito mno kwa rangi au limekatwa vibaya. Ukiona kijani kinachungulia, fahamu kwamba yakuti ina rangi mbili kulingana na upande unaotazamia: kwa upande mmoja wa fuwele ni buluu safi, kwa mwingine ni buluu ya kijanikijani. Mkataji hodari hulipanga jiwe ghafi ili ile buluu safi ije juu, hata kama kwa kufanya hivyo anapoteza uzito. Anayekata kwa uchu wa karati huacha kijani kitokeze, kisha wewe ndiye unayelipia karati hizo.

Kisha lete gazeti. Liweke jiwe juu ya habari yenye herufi ndogo na usome. Ukiziona herufi wazi katikati ya jiwe, limekatwa bapa mno: mwanga unapita chini badala ya kurudi machoni, na pete ikishavaliwa utaona ngozi ya kidole palepale ambapo rangi ingekolea. Jaribio hili halitakwambia kama jiwe ni la kweli, ila litakuonyesha kasoro ambayo wanunuzi wengi huigundua baada ya miezi.

Usiku uje. Mawe mengi yanayopendeza mchana hugeuka meusi chini ya taa ya mezani, na machache, hasa ya Umba na Tunduru huko Tanzania, huhama kuelekea zambarau. Pete ya aina hii huvaliwa zaidi kwenye harusi na karamu za jioni, kwa hiyo jiwe linalolala usiku linakunyima saa zake bora. Mwombe muuzaji akuachie hadi kesho kwa mali kauli, kwa maandishi yanayotaja uzito na vipimo, yaliyosainiwa na nyote wawili. Anayekataa kata kata, akisema kuna mteja mwingine anamsubiri jioni hii, mpe mkono wa kwaheri.

Jambo moja usilifanye: usikwaruze kioo cha dirisha kwa jiwe ukidhani unalipima. Yakuti ina ugumu wa 9, chini ya almasi tu yenye 10, lakini hata kwatzi ya bei ya chini inakwaruza kioo. Hutakuwa umejua chochote.

Tukija kwenye uzito, karati 5 ni gramu moja. Bei ya kila karati hupanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa, hivyo jiwe moja la karati 2 ni ghali kuliko mawili ya karati moja yenye ubora uleule. Na yakuti ni nzito kuliko almasi kwa ukubwa ule ule. Yakuti ya karati moja iliyokatwa mviringo ina upana wa milimita 6 hivi, ilhali almasi ya uzito huo inafika 6.5. Ukilinganisha pete yako na ya shemeji yako ya almasi, linganisha milimita.

Baada ya macho, yafuate maswali matatu ambayo macho hayawezi kuyajibu.

La kwanza ni kama jiwe ni yakuti kweli. Hapa kwetu linalochanganywa nayo zaidi ni tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, jiwe zuri lenye heshima yake, lakini laini zaidi na la bei nyingine. Mtaalamu wa vito mwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, huzitenganisha kwa dakika chache: yakuti husoma 1.76 hadi 1.77, tanzanaiti 1.69 hadi 1.70. Ngumu zaidi ni yakuti ya kutengenezwa, kwa kuwa kemia yake ni ile ile ya asili. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga na kuotesha fuwele hizi mwaka 1902, nyekundu kwanza na za buluu miaka kadhaa baadaye, na kwa hiyo pete ya bibi iliyotoka London au Bombay kabla ya vita haina kinga yoyote kwa uzee wake. Chini ya lenzi inayokuza mara 10, au vizuri zaidi chini ya hadubini, mawe ya Verneuil huonyesha michirizi ya rangi iliyopinda na viputo vya hewa. Ya asili, michirizi yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Jiwe safi mno, lenye rangi kamilifu na bei ya huruma, lipelekwe kwa mtaalamu kabla hata hujaulizia punguzo.

La pili ni kama limechomwa. Hili wachimbaji na madalali wanalizungumza waziwazi: yakuti nyingi za buluu zilizoko sokoni zimepitishwa kwenye tanuru, mara nyingi kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi, ili nyuzi laini zilizo ndani ziyeyuke, jiwe litakate na buluu ikolee. Watu wa Thailand waliifanya kuwa biashara kubwa tangu miaka ya 1970, walipochukua mawe meupe yenye ukungu ya Sri Lanka na kuyatoa yakiwa ya buluu. Jiwe lililochomwa kwa moto tu ni halali, rangi yake haitoki, na mimi ningelinunua bila kusita mradi bei yake ni ya lililochomwa. Ambalo halijaguswa na moto ni adimu na ghali zaidi, nalo ndilo wanalolitaka wavaaji wa neelam. Kuna hatua mbili zaidi za kuogopwa: kupenyeza rangi kwa kemikali wakati wa kuchoma, na kujaza nyufa kwa kioo chenye kobalti. Jiwe lililojazwa kioo hivyo usililipie bei ya yakuti hata kidogo. Juisi ya limau inatosha kula kioo kilichomo, na moto wa sonara unalimaliza.

La tatu ni asili yake, yaani mahali lilikochimbwa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kashmir inavuma kwa sababu machimbo yake makuu yalidumu miaka michache tu ya 1880 na kutoa buluu yenye ulaini wa mahameli. Baada yake huja Burma, kisha Ceylon. Sasa sikiliza habari ya nyumbani. Mnamo 1994 na 1995 watu walimiminika Tunduru, kusini mwa Tanzania, kuchimba kwenye mchanga wa mito, na wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand wakaweka kambi kule kule. Mawe yakabebwa, yakakatwa Asia, na mengi yakaingia sokoni kama ya Ceylon, kwa kuwa yanafanana nayo kiasi cha kuzisumbua hata maabara. Inawezekana kabisa “Ceylon” inayofunguliwa mezani pako ilichimbwa Mkoa wa Ruvuma. Haipungui uzuri kwa hilo, ila nyongeza ya jina usiitoe bila ushahidi.

Sisi wenyewe tunazo. Garba Tula, Kaunti ya Isiolo, hutoa yakuti za buluu iliyokoza, nyingine za kijani na manjano. Chuma kingi ndani yake hulifanya jiwe kuwa jeusi likikatwa nene. Zilizo nzuri ni chache, na zinadai mkataji anayejua kupunguza kina. Natamani familia zenye uwezo za Nairobi zingeanza kuziulizia kwa jina, kwa sababu dalali huleta kinachoulizwa, na anayeambiwa kila wiki “nataka Ceylon” ataendelea kuita kila kitu Ceylon.

Karatasi inayohitajika ni ripoti ya maabara inayojitegemea. GIA ya Marekani, pamoja na Gübelin na SSEF za Uswisi, ndizo zinazotambuliwa kote. Kwa jiwe la bei kubwa, shurutisha malipo kwa ripoti hiyo. Ripoti ikija tayari na jiwe, usiridhike na muhuri: ingiza namba yake kwenye tovuti ya maabara, kisha pima jiwe kwa mizani na kalipa uone kama karati na milimita zinakubaliana hadi desimali ya pili. Soma sehemu ya matibabu kabla ya sehemu ya asili. Kumbuka pia kwamba ripoti haitaji bei, na tathmini iliyoandikwa na yule yule anayekuuzia haina uzito. Ukilipeleka jiwe nje ya nchi kupimwa, pata kibali na karatasi za forodha mapema, lisije likarudi likatozwa ushuru kama ununuzi mpya.

Muuzaji naye ana karatasi zake. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, anayefanya biashara ya vito Kenya anatakiwa kuwa na leseni. Iombe, uinakili, na ukiwa na shaka uiulizie Wizara ya Madini. Jiwe la Tanzania liwe na karatasi za kutoka kule. Tangu 2019 jirani zetu wana masoko rasmi ya madini, kwa hiyo “nilipita nalo Namanga mfukoni” ni maneno ya kukufanya ufunge mlango. Lipa kupitia benki. Risiti iandikwe kwa ukamilifu: yakuti ya asili, imechomwa au haijachomwa, uzito, vipimo, namba ya ripoti, na sharti la kurudishiwa fedha maabara ikisema vinginevyo.

Kwa sonara, mwambie ni matibabu gani jiwe limepata kabla hajawasha moto, na uchague pete inayokumbatia kiuno cha jiwe ikiwa utaivaa kila siku. Nyumbani lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, na ulitenge na almasi, maana almasi italikwaruza. Bima ya nyumba kwa kawaida huwa na kikomo kwa kila kipande cha vito. Mpigie wakala kabla pete haijavaliwa, umtake aitaje kwa jina kwenye mkataba, na umpelekee nakala ya ripoti, tathmini huru na picha mbili, moja ya mchana na moja ya taa.