KWARE: NDEGE, YAI LAKE NA AHADI ZA MUUZAJI

Mlaji wa Mwanza humkuta kware kwa sura tatu. Sokoni humwona kama yai dogo lenye madoadoa, ambalo muuzaji hulisifia kwamba linaponya maradhi. Katika matangazo humwona kama kifaranga anayeuzwa kwa ahadi kwamba atamtajirisha mfugaji upesi. Mara nyingine humkuta kando ya barabara, ndege hai ndani ya tundu, aliyenaswa mbugani siku moja au mbili zilizopita. Vitu hivyo vitatu huitwa kwa jina moja, na bei zake hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Katika somo hili tumeona vyema kuanza na maumbile na tabia za ndege mwenyewe, kwa sababu ahadi nyingi zinazotolewa juu yake hupimika kwa kumjua yeye.

Kware wanaofugwa karibu wote ni wa aina moja, ambayo wanasayansi huiita Coturnix japonica. Asili yake ni Asia Mashariki. Wajapani walianza kumfuga karne nyingi zilizopita ili wafurahie sauti ya dume, na mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo walipoanza kuwachagua majike wanaotaga sana. Vita Kuu ya Pili ya Dunia nusura iwamalize kware hao wa kufugwa, na baada ya vita ufugaji ukafufuliwa kutokana na wachache waliosalia. Kwa hiyo ndege anayeuzwa leo Igoma au Buhongwa ana historia ndefu ya kuchaguliwa na binadamu, na mengi aliyokuwa nayo porini ameyapoteza.

Kware wa porini tunao pia. Katika nyasi za pande zote za Ziwa Victoria huishi kware mdogo ambaye dume lake lina uso wa mistari myeupe na myeusi, kidari chenye weusi na tumbo la rangi ya kahawia nyekundu. Huyu, Coturnix delegorguei, hufuata mvua. Nyasi zinapochipua na kutoa mbegu huja kwa wingi, na ukame unapoingia hutoweka. Jirani zetu Wajaluo wa magharibi mwa Kenya humwita aluru, na wana ufundi wa zamani wa kumnasa: kware waliofungiwa katika vitundu hutundikwa juu ya mti mrefu, na milio yao huwaita wenzao washuke kwenye mitego iliyotandazwa chini.

Yuko mwingine ambaye wengi humdhania kware, naye si kware hata kidogo. Ni ndege wa jamii ya Turnix. Mtazame mguuni: ana vidole vitatu vya mbele tu, wala hana kidole cha nyuma. Jike lake ni kubwa kuliko dume na rangi zake zimekolea zaidi. Jike ndilo linaloita na kutafuta mwenzi. Likishataga, dume huachiwa kazi ya kuatamia na kulea watoto. Uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba ndege huyu yuko karibu zaidi na shakwe wanaozunguka mitumbwi ya Kirumba kuliko alivyo karibu na kuku. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linafurahisha, na pia kwa sababu linaonyesha jinsi macho peke yake yanavyoweza kumpotosha mtu akiwa mbele ya tundu la ndege wadogo wa rangi ya majani makavu.

Kware halisi, wa porini na wa kufugwa, ni ndege wa ardhini. Hula ardhini, hulala ardhini, hutaga katika kishimo chenye majani machache, na huoga vumbi ili kujisafisha manyoya. Akihisi hatari hujibanza na kutulia kimya, rangi yake ikimficha. Akizidiwa ndipo huruka, naye huruka wima kwa kishindo cha mbawa kisha hutua tena mbali kidogo. Tabia hii ya kuruka wima imebaki hata kwa yule wa kufugwa. Ndiyo maana katika mabanda yaliyojengwa vibaya huonekana kware wenye vidonda utosini, kwani kila wanaposhtuka hujigonga darini. Mwenye banda zuri huweka dari ya chini kabisa, ili ndege asipate kasi ya kujiumiza, au hutandika kitu laini juu.

Kwa upande mwingine, kware wa kufugwa amepoteza silika ya kuatamia. Jike hutaga, kisha huondoka. Muuzaji anayekwambia ununue jozi moja, uiweke uani, nayo itajiongezea vifaranga yenyewe kama kuku wa kienyeji, ama hajui anachokiuza ama anaficha. Bila mashine ya kutotolesha, au kuku mwenye subira wa kukuatamilia, hutapata kifaranga. Na mashine huhitaji umeme usiokatika kwa muda wa siku 17 hivi.

Yai na sifa zake

Yai la kware lina uzito wa gramu 10 hivi. Yai la kuku wa kisasa lina gramu 55 au zaidi kidogo. Kwa hiyo mayai matano ya kware hulingana, kwa chakula kilichomo, na yai moja la kuku. Tuseme yai la kuku linauzwa shilingi 400: yai la kware lenye chakula cha thamani hiyo hiyo lingekuwa shilingi 80. Likiuzwa shilingi 200, mnunuzi analipa shilingi 1,000 kwa kile ambacho angekipata kwa 400. Hatusemi asinunue. Watu hununua vitu kwa ladha, kwa uzuri wake mezani au kwa kuwa watoto wanavipenda, na hiyo ni haki yao. Tunachotaka ni kwamba afahamu analipia nini.

Je, kuna tofauti ya virutubisho? Ipo, ni ndogo. Ukilinganisha gramu kwa gramu, yai la kware lina madini ya chuma na vitamini B12 zaidi ya la kuku. Lakini hakuna mtu anayekula mayai ya kware kwa kilo, na tofauti hiyo huzibwa na kipande cha ini au dagaa wachache. Dai kwamba yai hili halina kolesteroli si kweli. Lina kolesteroli nyingi, kwa sababu kiini chake ni kikubwa kulinganisha na ukubwa wa yai zima.

Hapa ndipo somo letu linapogusa uhai wa watu. Mayai haya yamekuwa yakiuzwa kama tiba ya kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, upungufu wa nguvu za kiume na hata maambukizi ya VVU, na aghalabu mnunuzi huelekezwa ayameze mabichi, asubuhi kabla ya kula, kwa idadi maalumu. Hakuna yai linaloweza kushika nafasi ya insulini au ya dawa za kufubaza virusi. Mgonjwa anayeacha dawa zake ili amalize dozi ya mayai anaweza kujiona mzima kwa wiki kadhaa, huku sukari ikipanda au virusi vikiongezeka mwilini, na anaporudi kliniki hali imekwisha kuharibika. Ukiwa na maradhi ya kudumu, kula yai lako lililopikwa kama chakula kingine chochote, na uendelee kumeza dawa kama ulivyoagizwa.

Ubichi nao una madhara yake. Husemwa kwamba joto la mwili wa kware ni kali mno hata vijidudu vya salmonela haviishi ndani yake. Si kweli, kware huugua salmonela na hueneza salmonela, na yai lake laweza kuchafuliwa sawasawa na la kuku. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, wajawazito, wazee na wale ambao kinga ya miili yao imepungua, yaani hao hao wanaoshawishiwa kuyanywa mabichi. Yachemshe dakika tano, kiini kigande.

Kwa nini bei hupanda na kuanguka

Mwishoni mwa mwaka 2013 nchini Kenya yai moja la kware lilifikia kuuzwa hadi shilingi 100 za Kenya. Watu walikopa, wengine waliacha kazi, wakaomba vibali vya kufuga, wakanunua ndege kwa bei ya kuruka. Mwaka 2014 bei ikaporomoka mpaka yai likauzwa kwa shilingi chache tu, na wafugaji wengi wakabaki na mabanda yaliyojaa ndege wasio na mnunuzi. Wimbi hilo lilivuka mpaka likafika kwetu pia. Wapo waliosema soko lilirogwa, wengine wakasema wakubwa waliliua. Sisi tunadhani jibu lilikuwa ndani ya ndege mwenyewe.

Kware hukomaa upesi kuliko karibu ndege yeyote wa kufugwa. Yai huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita hadi nane. Hebu tupige hesabu kwa uangalifu, bila kujipendelea. Mtu ana majike 100, na kila siku anaokota mayai 70. Kwa wiki tatu ana mayai 1,470. Nusu tu yakianguliwa, ana vifaranga 735, na nusu yao ni majike, yaani 367. Wengine wakifa, anabaki na majike 300. Miezi mitatu haijapita sana, na majike 100 wamekuwa 400. Akiendelea vivyo hivyo, baada ya mwaka mmoja atakuwa na majike 25,600. Huyo ni mfugaji mmoja. Sasa jiulize walaji wa mayai ya kware katika Nyamagana na Ilemela wameongezeka mara ngapi katika mwaka huo huo.

Wakati bei ikipanda, mwenye faida kubwa si muuza mayai ya kula. Ni muuza vifaranga na mashine, ambaye wateja wake ni wafugaji wapya. Siku wafugaji wapya wanapokwisha, kila mmoja hugeukia soko la mayai ya kula kwa pamoja, na soko hilo lilikuwa dogo tangu mwanzo.

Ukipenda bado kufuga, na wapo wanaofuga kwa faida ya kiasi, uliza kwanza nani atakayenunua mayai yako: hoteli ipi, duka lipi, kwa wiki mayai mangapi. Kisha fanya hesabu ya chakula. Kware mmoja hula gramu 20 hadi 25 kwa siku, na chakula chake huhitaji protini nyingi kuliko cha kuku wa mayai. Hapa kwetu protini hiyo hutoka sana kwenye dagaa wa ziwani, ambao huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa uvuvi husinzia na bei hupanda. Tena jike hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, na Mwanza, iliyo karibu na Ikweta, ina mchana wa saa 12 mwaka mzima. Saa zinazopungua utazilipia kwenye umeme.

Unaponunua vifaranga wa siku moja, usilipe zaidi kwa ahadi kwamba wote ni majike. Kwa kutazama manyoya, jinsia haijulikani mpaka wafikishe wiki tatu hivi. Hapo kidari cha dume huwa cha rangi ya kutu isiyo na madoa, na cha jike huwa na madoa meusi. Dume lililokomaa, ukilibinya taratibu juu ya njia ya haja, hutoa povu jeupe. Ikiwa unataka mayai ya kula tu, huhitaji dume hata moja, na usikubali kuuziwa. Weka gololi au vijiwe safi katika chombo cha maji ya vifaranga, maana ni wadogo kiasi cha kuzama humo. Mawe katika jiji letu hayahitaji kununuliwa.

Kwa mlaji wa mayai mambo ni machache. Madoadoa huficha nyufa, kwa hiyo lishike yai na kulizungusha kwenye mwanga kabla ya kulipa. Likiwekwa majini yai bichi jipya hulala chini, na linaloelea ni kuukuu. Kwenye pakiti tafuta jina la mzalishaji, mahali alipo na tarehe.

Kuhusu ndege wa porini, kuwanasa au kuwauza bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnunuzi hawezi kujitetea kwamba hakujua ikiwa mbele yake lilikuwa dume lenye kidari cheusi. Muuzaji anayedai kwamba bidhaa yake inaponya, au anayeahidi faida isiyokuwapo, naye anaweza kuwa amevunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Usalama wa chakula, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Unapopeleka malalamiko, chukua risiti, tangazo lenyewe au picha yake, na namba ya simu uliyotumia kulipa. Kama ulinunua kwa ahadi ya mdomo tu, andika siku ile ile maneno aliyokuambia, saa na mahali, kabla hujayasahau.