Nyoka wa Chini ya Udongo

Yuko nyoka mwembamba, mweusi au wa rangi ya kahawia. Kichwa chake ni kidogo, na macho yake ni madogo. Hukaa chini ya udongo, mawe na magogo. Mvua ikinyesha, hutoka usiku.

Watu wengi humdharau. Humshika nyuma ya kichwa wakidhani hataweza kuuma. Lakini meno yake ya sumu ni marefu. Hutoa jino moja pembeni, kinywa kikiwa kimefumba, akachoma kidole. Kwa hiyo msimshike hata kidogo.

Sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe. Mara nyingine nyama ya kidole huoza, kidole kikakatwa.

Mtu akiumwa na nyoka, fanyeni hivi:

1. Mtulizeni, asitembee.
2. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba.
3. Fungeni kijiti kando ya mkono au mguu ulioumwa, usitikisike.
4. Mpelekeni hospitali upesi.

Msichanje, msinyonye jeraha, wala msikaze kamba. Damu ikizuiwa, mkono au mguu huweza kufa. Jiwe la nyoka halivuti sumu.

Dawa za kuzuia sumu za nyoka wengine haziiwezi sumu ya huyu. Hata hivyo, hospitalini maumivu hutulizwa na kidonda hutunzwa.

Usiku vaeni viatu na mchukue taa. Msilale chini.

Maswali
1. Kwa nini si salama kumshika nyoka huyu nyuma ya kichwa?
2. Kamba iliyokazwa huleta madhara gani?