Buibui wa Miguu Mirefu

Wasomaji wa Ikolo, mkimwona buibui mwembamba wa miguu mirefu katika pembe ya ghala, msimwogope. Hana madhara kwa mtu. Mguse utando wake kwa kijiti: atajitikisa upesi hata umbo lake lisionekane vema. Ndiyo ngao yake. Jike haachi mayai ukutani. Huyafunga kwa nyuzi chache, akayachukua kinywani mpaka watoto watoke. Jamaa yake mmoja, Smeringopus pallidus, asili yake Afrika, amekwisha kuenea majumbani katika nchi nyingi za joto. Hula mbu, nzi, hata buibui wenziwe: huwarushia nyuzi kwa miguu ya nyuma, wakiisha kufungika huwauma. Lakini chandarua kisiondolewe kwa ajili yake, maana mbu wa Kyela ni wengi kuliko awezao kuwala.