Wajibu wa Mume kwa Mkewe Mwenye Mimba na Mzazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu tumboni mwa mamake umbo baada ya umbo. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Amma baad:

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Luqman (aya 14) na Sura ya Al-Ahqaf (aya 15) taabu ya mama katika kuchukua mimba. Wanaume wengi huzisoma aya hizi wakawakumbuka mama zao. Wachache huwakumbuka wake zao, na ilhali taabu ni ile ile. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 walikufa kwa mimba na uzazi wanawake wapatao 260,000, na walio wengi katika hao ni wa Afrika kusini ya Sahara. Maradhi yaliyowaua wengi wao yana dawa ijulikanayo. Kilichokosekana ni dawa kuwafikia kwa wakati.

Imepokewa katika Hadithi kwamba mwanamke afaye kwa uzazi ni shahidi. Hiyo ni bishara kwake, wala si udhuru kwa mumewe.

Khatari ya kuchelewa

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walibainisha kwamba kuchelewa ni kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri la kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. La tatu liko kwa madaktari na serikali. Mawili ya kwanza, aghalabu, yako kwa mume. Damu ya uzazi ikitoka kwa wingi yaweza kuua kabla ya saa mbili kupita. Mume yu baharini akivua, au yu safarini, na nyumbani jamaa wamekaa wakingoja ruhusa yake. Ruhusa hufika, na mwenyewe amekwisha kufa.

Basi mume na atoe ruhusa tangu mwanzo wa mimba, mbele ya mkewe, mamake na mkwewe: kwamba ikionekana khatari aondoshwe mara moja, awepo mume au asiwepo. Na aweke fedha kando mahali wanapopajua. Akaaye kisiwani, kama Pate au Tumbatu, na apatane mapema na mwenye chombo, mafuta yawe tayari, na ajue maji kujaa na kutoka.

Hoja na jibu lake

Huenda mtu akasema: Imam Nawawi (aliyekufa mwaka 676 Hijria) ameandika katika Minhaj kwamba dawa na ujira wa tabibu havimlazimu mume. Jibu: ni kweli imeandikwa hivyo, kwa kuwa zamani matibabu hayakuhesabiwa katika mahitaji ya kila siku kama chakula na nguo. Wanavyuoni wa baadaye, na miongoni mwao Sheikh Wahba Zuhayli (aliyekufa mwaka 2015), wamesema kwamba leo matibabu ni haja ya lazima kama chakula, basi yamo katika nafaka ya mume. Na Mwenyezi Mungu ameamrisha kukaa na wake kwa wema (An-Nisaa, aya 19). Ni wema gani wa mtu kumlisha mkewe akiwa mzima na kumwacha akiwa anakufa?

Akisema tena: sitaki mkewangu atazamwe na daktari mwanamume. Jibu: atafutwe kwanza mwanamke, akikosekana, kitabu hicho hicho cha Minhaj kimehalalisha kutazama na kugusa kwa ajili ya matibabu, kwa kadiri ya haja.

Wakati wa mimba

Apelekwe kliniki kabla ya wiki 12 kutimia, na jumla ya kuhudhuria isipungue mara nane. Huko hupimwa damu na shindikizo lake, hupewa vidonge vya kuongeza damu, sindano ya pepopunda, na dawa ya kinga ya malaria penye ugonjwa huo. Alale ndani ya chandarua chenye dawa. Apunguziwe kuchota maji na kubeba mizigo. Na katika Ramadhani, akichelea nafsi yake au mtoto wake, sharia imemruhusu kula na kulipa baadaye. Asione haya, wala mume asimwonee.

Alama za khatari

Likionekana moja katika haya, asingojwe mtu wala asubuhi:

1. Kutoka damu wakati wowote wa mimba.
2. Kichwa kuuma sana, macho kuingia kiza, uso na mikono kuvimba.
3. Kutukutika na kuzimia. Wengi hudhani ni pepo wakaita mganga. Hicho ni kifafa cha mimba, na dawa yake iko hospitali.
4. Homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni.
5. Chupa kuvunjika na uchungu usije, au uchungu kupita saa 12 na mtoto hajazaliwa.
6. Kondo la nyuma kukaa nusu saa bila kutoka.
7. Baada ya kuzaa, damu kulowesha kitambaa kizima kwa muda wa saa moja, au kutoka uchafu wenye harufu mbaya.

Baada ya kuzaa

Mzazi na atazamwe na mkunga au daktari siku ya kwanza, siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Ada ya kumfungia ndani arubaini isiwe kizuizi. Mtoto apewe maziwa ya kwanza, dang'a, yasimwagwe; na kwa miezi sita yamtosha maziwa ya mama bila maji. Mzazi ale samaki, mayai, kunde na mboga, asikatazwe. Akilia na kukosa raha kupita wiki mbili, huo nao ni ugonjwa, atibiwe.

Khatima

Siku ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimwacha Sayyidna Uthman Madina amuuguze mkewe, Bibi Ruqayya, kisha akamhesabia fungu lake la ngawira kama aliyehudhuria. Ikiwa kumuuguza mke kulikuwa udhuru wa kuikosa Badri, basi hakuna safari, biashara wala baraza isiyoweza kumngoja mume siku ya uzazi.

Wabillahi ttaufiq.