Hepatitisi C: Ugonjwa Unaokula Ini Kimyakimya

Mwanamume wa miaka hamsini hivi alikuja kwenye kliniki yangu akilalamika kwamba anachoka upesi. Alidhani ni uzee. Hakuwa na homa, wala macho yake hayakuwa ya manjano. Nilipomuuliza maswali ya kawaida alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia daktari yeyote. Ujanani alijidunga heroini kwa miezi michache, akishiriki sindano na wenzake. Aliacha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Yeye aliacha, lakini virusi havikumwacha.

Huambukizwaje?

Virusi vya hepatitisi C vilitambuliwa mwaka wa 1989. Huenezwa hasa kwa damu: sindano iliyotumiwa na mwingine, vifaa vya matibabu visivyosafishwa vizuri, damu isiyopimwa, hata wembe wa kuazimana. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto wake. Huwezi kuambukizwa kwa kusalimiana wala kula sahani moja na mgonjwa.

Kati ya watu 10 walioambukizwa, kama 3 hupona wenyewe katika miezi 6 ya kwanza. Waliosalia huishi na virusi, wengi wao bila dalili yoyote kwa miaka mingi.

Madhara yake mwilini

Ini huondoa sumu mwilini, hutengeneza nyongo na pia protini zinazosaidia damu kuganda. Virusi vikilishambulia mwaka baada ya mwaka, nyama yake laini hugeuka makovu. Kati ya wagonjwa 100 wa muda mrefu, 15 hadi 30 hufikia hatua ya makovu mabaya katika miaka 20.

Hapo damu hushindwa kupita vyema katika ini. Mishipa ya umio huvimba, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Tumbo na miguu hujaa maji. Sumu hufika ubongoni, mtu akachanganyikiwa. Wengine hupata saratani ya ini. Pombe huharakisha haya yote.

Vipimo na tiba

Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, na huonyesha tu kwamba uliwahi kuambukizwa. Usikate tamaa, omba kipimo cha pili kinachotafuta virusi vyenyewe.

Chanjo hakuna, lakini tiba ipo. Vidonge vya siku hizi, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa wiki 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Hata hivyo, aliyepona anaweza kuambukizwa tena, na mwenye makovu mabaya lazima aendelee kuchunguzwa.

Mgonjwa wangu alimaliza vidonge vyake. Alipopimwa wiki 12 baadaye, virusi havikuonekana tena.

Msomaji, ikiwa uliwahi kushiriki sindano au kuongezwa damu isiyopimwa, hata kama ni zamani sana, mweleze daktari wako bila haya. Yeye hakuhukumu, anatafuta pa kuanzia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.